Malalamiko Kuhusu Picha Isiyopoteza Kitu

Marereni,
12 Novemba 1986

Kwa Mzee Muhdhar, Mpiga Picha,
Malindi.

Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni Dedan Thuku, karani wa mizani huku kwenye kiwanda cha chumvi, uliyempiga picha mwaka jana akiwa ndani ya koti la studio yako. Naandika kwa heshima, lakini nimeumia.

Utakumbuka kwamba kila nilipotaka nakala nilikuletea nakala ya mwisho, nawe ukaipiga picha upya. Ya nne ndiyo niliyompelekea Bi. Zipporah wa Junju, ninayechumbiana naye kwa barua. Juzijuzi mama yake aliomba picha kubwa aitazame kabla ya kujibu posa. Wewe, badala ya kunakili nakala kama desturi yetu, ukaifukua filamu yenyewe, ukasafisha picha kubwa kutoka humo, ukaituma Junju moja kwa moja, nami ukanitumia nyingine kama hiyo na kujisifu kwamba haijapotea hata chembe. Hapo ndipo uliponimaliza.

1. Upara. Kwenye nakala ya pili ulianza kufifia, na kwenye ya nne nilikuwa na nywele. Umeurudisha bila kuniuliza.

2. Pengo langu la mbele, pamoja na pini tatu zinazolibana koti ubavuni.

3. Gari. Nilimwandikia Zipporah kwamba gari lililo nyuma yangu ni la kazini. Sasa kiraka cha gurudumu kinaonekana, na uzi wake, na kila mtu atajua kuwa ni pazia la kuchorwa.

4. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha haitangazi. Filamu yako haina sitara hiyo.

5. Mwezi wa Agosti Zipporah aliahidi kuja, hakutokea. Nilisimama kituoni kutwa, akashuka mama mmoja tu, mnene, akiulizia kijana fulani. Nilimsamehe Zipporah kwa kuwa nywele zangu bado zilikuwa Junju zikinitetea. Leo nani atanitetea? Nampenda, Mzee, na naogopa.

Kwa hiyo naomba uipige picha ile kubwa upya, halafu nakala yake, halafu nakala ya nakala, mpaka nifanane na mimi.

Nisalimie Bi. Radhia na wote nyumbani, pamoja na kijana wako wa studio, Farjallah, aliyenichana kwa bidii mahali pasipo na kitu.

Wako mwenye kuonekana mno,
D. Thuku

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Zipporah ameingia hapa mizani, picha kubwa kwapani, akanijia moja kwa moja kati ya watu arobaini. Ndiye yule mama wa Agosti. Anasema siku ile alinionyesha nakala ya nne, nikaitazama vizuri, nikamjibu kwamba kijana huyo simjui. Na kweli sikumjua. Mimi nami nilikuwa nikimsubiri msichana mwembamba wa kwenye picha yake, ambayo anakiri ilikuwa nakala ya sita. Posa imekubaliwa, mama yake anasema mwanamume aliyeacha kiraka kile kionekane hawezi kuwa mwongo. Tafadhali itunze filamu. Jumamosi tunakuja wawili, na koti nitavaa langu.