Mkanda Wangu na Sindano ya Dira

Jumatatu, 8 Aprili

Mwalimu Haugen katangaza: atakayepima shamba vizuri kuliko wote Alhamisi anapata kazi ya kiangazi na kikosi cha wapima ardhi. Nafasi moja. Yangu! Mama nimeshamwambia nimeipata. Mama naye kaliambia kanisa zima. Kwa hiyo imebaki kuipata tu.

Kikwazo ni Delfina Urrutia. Anakaa mbele, anajua hesabu za pembe, na kiunoni ana bizimu ya mkanda pana kama sahani ya supu. Fedha tupu. Aliishinda kwenye rodeo, yale mashindano ya wachunga ng'ombe, kwa kuzungusha farasi kwenye mapipa. Leo hata Mwalimu kainama kuisoma! Kazi zangu za nyumbani hajawahi kuzisoma mpaka mwisho. Akasema pia neno fulani kuhusu kuweka kando funguo na visu kabla ya kushika dira. Sikulipata vizuri. Nilikuwa naitazama ile bizimu.

Wivu? Mimi? Ni kiungulia.

Jumanne, 9 Aprili

Nimenunua yangu gulioni, kwa Mzee Skeeter. Ina fahali. Ina miali ya moto. Inang'aa kuliko ya Delfina. Skeeter kaapa ni fedha. Kisha kaapa tena bila kuulizwa. Mtu mwaminifu!

Darasani nikawaambia niliishinda Nebraska, juu ya fahali. Delfina akauliza fahali gani. Nikasema Radi. Akauliza nilikaa mgongoni kwa muda gani. Nikasema mpaka fahali alipochoka. Odell, anayenishikia nguzo ya kupimia, akacheka hadi soda ikamtoka puani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 10 Aprili

Mazoezi kilimani. Upepo wa Wyoming ulitaka kuninyang'anya masikio. Mwalimu anatupimisha kwa dira ya zamani, maana mashamba ya mababu zetu yalipimwa hivyo. Kanuni ni rahisi. Unapima kutoka kigingi hiki kwenda kile, ukifika kule unapima kurudi. Vipimo viwili lazima vitazamane sawasawa.

Vyangu vilinuniana kama mawifi.

Nikajua mara moja: Delfina kafukia chuma kwenye vigingi vyangu ili kuichanganya dira! Nikachimba. Nikakuta shimo la kindi, kindi mwenyewe, na meno yake. Odell akanishauri nichunguze nilichovaa. Nikamwambia asiingize mitindo kwenye sayansi.

Alhamisi, 11 Aprili

Siku yenyewe. Vipimo vya kurudi nikaamua nisivipime kabisa. Nilivipika, nimekaa kwenye jiwe, huku nakula biskuti. Vikatoka safi! Delfina alikuwa bado anahangaika kupima, maskini.

Mwalimu akavichora ubaoni. Ukizunguka shamba lazima urudi ulikoanzia. Delfina karudi mpaka kwenye kigingi chenyewe. Mimi nimeishia jikoni mwa chuo, karibu na sufuria ya maharage ya pilipili.

Nikalalamika kwamba dira ni mbovu. Mwalimu hakubisha. Aliisogeza tu tumboni mwangu. Sindano ikageuka, ikaifuata bizimu yangu kama ng'ombe anavyofuata chumvi. Nikahama kushoto. Ikahama. Nikahama kulia. Darasa zima likaanza kuniimbia ngoma. Kisha akaisogeza kwa Delfina. Sindano ikalala doro. Fedha haivuti sindano, akasema Mwalimu. Bati la chuma linavuta.

Odell akaniuliza kama Radi naye alikuwa wa bati.

Ijumaa, 12 Aprili

Kazi kapewa Delfina. Nimefika nyumbani, Mama ameoka mikate ya mdalasini ya kulisha kanisa zima, na kanisa zima limekaa sebuleni. Nilitafuna.

Mlango ukagongwa. Delfina! Nikajua kaja kunianika. Akawaamkia wazee vizuri, akamwambia Mama kikosi kinahitaji mtu wa kushika nguzo, na yeye kanitaja jina. Mama akalia. Kanisa likapiga makofi. Ile ya nafasi moja haikuulizwa na mtu.

Nje, kwenye ngazi, akanipa sharti: asione chuma kiunoni mwangu. Akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba amefanya hivi kwa ajili ya Mama. Yaani huruma! Na ile bizimu yake ilikuwa inanikonyeza jua likizama. Nilimshukuru kwa meno ya mbele tu.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimekubali kazi. Asubuhi na mapema nikaenda gulioni kumrudishia Skeeter bizimu yake. Mzee kaona haya, kanibadilishia kwa vichokoo vya kupandia farasi, vile vya kuvaa kisiginoni. Farasi sina. Lakini vinalia chwing chwing nikitembea, na Delfina hana!

Chuma safi, kaapa Skeeter. Mara mbili.

Sharti nimelitafakari kwa makini. Delfina alisema kiunoni. Visigino hakuvitaja.