Wino wa Kidole cha Nasri

Jumatatu, 12 Februari

Gari la matangazo limepita Nzuguni mara tatu leo. Chanjo ya surua na rubela, watoto wote chini ya miaka mitano, kuanzia Alhamisi, nyumba kwa nyumba. Na nani anawaongoza wauguzi mtaani kwetu? Mwanahawa! Jirani wa mlango wa mbele, mhudumu wa afya, yule yule aliyenibwaga kwenye kamati ya mtaa kwa kura kumi na tisa kwa nne. Nne! Na moja niliipiga mwenyewe.

Jioni kijiweni kwa Msafiri muuza kahawa nimetangaza mbele ya watu saba kwamba sindano ya Mwanahawa haitavuka kizingiti changu mimi Swedi. Nikawasikilizisha sauti ya WhatsApp ya daktari asiyejitaja jina, anayesema chanjo inafunga kizazi. Msafiri akasema yeye alichanjwa utotoni na ana watoto tisa. Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba chanjo za enzi zile zilikuwa safi. Jibu zuri sana. Hawakulistahili.

Jumanne, 13 Februari

Mama mkwe ameanguka huko Kondoa, presha. Stara, mke wangu, ameondoka na basi la alfajiri. Mwanetu Nasri nimebaki naye mimi, kwa sababu wodini hawaruhusu watoto. Ana miaka miwili na nusu.

Stara amenikabidhi kadi ya kliniki, akanishika mkono. Akasema chanjo ya miezi tisa ilimpita mtoto tulipokuwa mavunoni, na ya mwaka na nusu niliizuia mimi. Hii isimpite. Akanikumbusha mdogo wake, Salha, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka mitatu. Akasema yeye ndiye aliyekuwa akimpepea mpaka mwisho. Miaka minane ya ndoa, hilo la kupepea hajawahi kuniambia. Nikamwambia aende kwa amani, mimi ni baba, najua wajibu wangu.

Sasa nifanyeje? Nimeshasema mbele ya watu saba.

Alhamisi, 15 Februari

Akili ni nywele! Nimekaa dukani kwangu, kwenye madumu yangu ya mafuta ya alizeti, nikachunguza watoto wanaopita. Kila aliyechanjwa amepakwa wino kidole cha mwisho. Basi! Wauguzi wakiona wino wanapita. Nami nina maka peni ya kuandikia madumu.

Nimempaka Nasri vizuri sana. Kisha nikagundua wenzake wamepakwa mkono wa kushoto, mimi nimepaka wa kulia. Nikasugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa. Wapi! Nikapaka na wa kushoto.

Mwanahawa alifika saa sita na muuguzi msichana. Akauliza mtoto kachanjwa wapi. Nikasema sokoni Ipagala. Akauliza kwa nini vidole viwili. Nikasema cha kulia surua, cha kushoto rubela. Msichana akacheka. Mwanahawa hakucheka. Aliinama akamuuliza Nasri kama iliuma, na Nasri akasema baba ameandika. Mtoto huyu! Nikampa biskuti haraka. Mwanahawa akasema atarudi kesho, na kwamba ugomvi wa kura usimguse mtoto. Ametaja kura yeye, si mimi.

Ijumaa, 16 Februari

Nimefunga duka, nimemchukua Nasri hadi Ipagala kwa rafiki yangu Iddy. Tutakaa mpaka kampeni iishe Jumapili. Tukaenda kuswali. Imamu akasimama mimbarini, hotuba nzima kuhusu chanjo! Kulinda mwili wa mtoto ni amana, akasema. Nimemkimbia Mwanahawa nimemkuta msikitini. Nasri alilala mapajani kwangu wakati wote, mzito, ana joto zuri la usingizi.

Stara amepiga simu kuuliza chanjo. Nimemwambia tayari. Akashukuru mpaka nikakata nikasingizia mtandao.

Jumatano, 21 Februari

Stara amerudi, mama mkwe ana nafuu. Kabla hajatua mzigo ameshika mkono wa Nasri, akaona wino wa kushoto, ambao naukoleza kila ukififia, akakibusu kidole. Kisha akachinja jogoo kwa ajili yangu. Akasema hakutegemea, akaomba radhi kwa kutonitegemea. Jogoo alikuwa mtamu. Paja la pili lilipita kwa taabu kidogo.

Mwanahawa yuko semina huko Kibakwe, wiki mbili. Mungu hamtupi mja wake.

Ijumaa, 1 Machi

Nasri ana homa. Macho mekundu, kikohozi. Nimesema ni vumbi.

Jumapili, 3 Machi

Vipele. Vimeanzia nyuma ya masikio vikashuka usoni na kifuani. Stara amekaa naye sakafuni tangu alfajiri. Akasema Salha alianza hivi hivi. Kisha akajituliza mwenyewe, akasema haiwezi kuwa surua, maana mtoto amechanjwa. Akaniangalia ili nikubali.

Nilifungua mdomo. Nikasema chai imepoa.

Amempa togwa, kama walivyofanya kwao. Hospitali tutampeleka tu akizidiwa, amesema, kwa kuwa si surua. Nimezunguka nyumba mara kumi. Naogopa. Nikisema sasa, atajua. Nisiposema, labda itapoa yenyewe, na watoto wangapi wamepona surua bila kelele?

Jumanne, 5 Machi

Nasri alikuwa anapumua kwa mbavu. Tukakodi bajaji. Daktari akauliza chanjo. Stara akajibu kabla yangu, kwa fahari, akaonyesha kidole. Daktari akaniuliza wapi. Nikasema sokoni Ipagala. Muuguzi aliyekuwa anatafuta mshipa akasema, bila hata kugeuka, kwamba yeye ndiye aliyesimamia Ipagala na sokoni hakukuwa na kituo.

Daktari akasema ni surua, imeshaingia mapafuni, na siku mbili hizi za kusubiri zimemuumiza mtoto.

Nilingoja Stara apige kelele. Hakupiga. Alishusha kanga begani, akaikunja, akaanza kumpepea Nasri.

Ijumaa, 8 Machi

Oksijeni. Dripu. Matone ya vitamini. Tangu jana masikio yote mawili yanatoa usaha. Nimeswali rakaa ambazo sijawahi kuziswali. Ee Mola, mwache huyu, uniondolee lolote lingine, hata duka.

Mwanahawa amerudi, amemletea Stara uji. Wamekumbatiana muda mrefu. Mimi amenisalimia tu, akanipa kikombe. Sikutaka kukipokea. Nilikuwa na njaa, nikakipokea.

Jumatano, 13 Machi

Ameruhusiwa! Alhamdulillahi! Mwepesi kama kifaranga, lakini anatembea. Daktari amesema tumrudishe Jumatatu ya tarehe 25 apimwe masikio, tusikose, kwa sababu surua huharibu usikivu. Madaktari hawakosi neno. Mtoto akipona homa, wanatafuta sikio.

Stara anazungumza nami mambo ya chumvi na maji tu.

Jumapili, 24 Machi

Jana baada ya futari nilikwenda kwa Msafiri. Niliwaambia wote kwamba Nasri ameugua surua yenyewe na kaishinda, kwa dua ya baba, bila sindano ya mtu. Mzee mmoja aliitikia kwa kichwa. Msafiri alimimina kahawa tu. Nadhani uchaguzi ujao nitapata zaidi ya nne.

Stara anataka kumpeleka kesho kupimwa masikio, Mwanahawa amejitolea kumsindikiza. Nimekataza. Masikio yamekauka, wanapima nini? Amesema atakwenda nipende nisipende. Haya ndiyo matunda ya kukaa na Mwanahawa.

Asubuhi hii nilimkuta Nasri uani amenipa mgongo, anapanga vifuniko vya soda. Nikamwita. Nikamwita tena. Mara ya nne nilipaza sauti mpaka kuku wakatawanyika. Hakugeuka. Stara alikuwa amesimama mlangoni, kanga mdomoni, machozi yanamtoka, na sijui alikuwa analia nini. Mtoto amekuwa mkaidi, basi. Ukoo wa mama yake wote wako hivyo. Kesho nitamwita kwa ukali zaidi.