Mguu wa Kelepi Umeanza Kutembea

Jumatatu, 4 Mei

Kosa la watu wengi wenye kisukari ni kudhani mguu ukinyamaza umepona. Hapana. Mguu ulionyamaza ni kama darasa lililonyamaza: ingia haraka, kuna jambo. Nilifundisha miaka thelathini na minane, najua.

Wangu wa kushoto nao umeanza kunyamaza; wa kulia umenyamaza tangu mwaka juzi. Unatakiwa kutazamwa kila siku. Na nani? Magoti hayakunjiki, tumbo limeziba njia, natembelea magongo mawili. Naishi na dada yangu Kalolaine, mjane, lakini kwetu Tonga kaka na dada hawaingiliani vyumbani wala hawatajiani miili. Teksi ya kwenda kliniki ya miguu Nuku'alofa inameza pensheni ya wiki nzima.

Nesi Telesia huja kijijini kila Ijumaa, bure, kwa wasioweza kutoka nyumbani. Humhudumia jirani yangu Kelepi, aliyekatwa mguu wa kulia. Mimi kanikatalia! Eti aliniona kwa macho yake nikicheza kwenye sherehe ya kanisa. Nilizunguka mara moja tu!

Mpango: Kelepi ana njia ya mbao mlangoni, ya kupitishia kiti cha magurudumu. Nikiwa nayo na mimi, nani atabisha? Nimeanza kuigongomea leo. Boksi la misumari limemwagika sebuleni. Nimeokota karibu yote.

Jumanne, 5 Mei

Njia ya mbao imekamilika saa tatu. Imeanguka saa tatu na nusu.

Kisha jambo la ajabu. Mchana, nyumba tupu, Kalolaine yuko kwa wenzake wakisuka mikeka. Natoka chumbani kwenda jikoni. Kwenye mkeka, kimya. Nafika kwenye saruji: tik. Karibu nami kabisa. Nasimama, nako kunasimama. Natembea. Tik. Tik.

Nimepiga hodi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Hakuna aliyeitika.

Jumatano, 6 Mei

Nyayo! Kwenye mkeka wa sebuleni, za damu iliyokauka, vidole vitano. Zote za mguu wa kulia. Hata moja ya kushoto haipo. Zinazunguka meza na kuishia mlangoni mwangu. Na viatu vyangu vya zamani, ambavyo huviacha barazani, nimevikuta kizingitini, ncha zikinielekea.

Nilimuuliza Kalolaine kupitia ukutani kama ameona. Akajibu kwamba ameona. Akachukua mkeka kwenda kuufua. Dada yangu haogopi kitu. Nimeogopa kwa niaba yake.

Nikampelekea Kelepi habari. Nilitegemea kejeli, hakucheka. Alisema mguu wake, uliozikwa kaburini kwa mama yake, unamuuma usiku na mchana, vidole vinamkaza. Nikakaa chini. Yeye anaumwa na mguu asiokuwa nao, mimi siumwi na mguu nilio nao. Na sasa mguu mmoja wa kulia unazurura kwangu. Hesabu ya darasa la tatu.

Alhamisi, 7 Mei

Tumefukua. Si uhuni. Kwetu kiungo kikiuma bila sababu, kaburi la ndugu hufunguliwa ili kutazama kama mzizi umechoma mfupa. Kaburi lenye kiungo chenyewe ndilo la kwanza.

Saa nne asubuhi, jua kali, mchanga mweupe. Watu wamesimama mbali. Kijisanduku kimeoza, mifupa ipo. Na kweli: mzizi wa mshelisheli umepenya kati ya vifupa vya vidole kama uzi kwenye tundu la sindano. Binamu zake wakaukata, wakaipaka mifupa mafuta ya nazi, wakafukia. Papo hapo Kelepi akashusha pumzi kwenye kiti chake. Alisema mguu umenyamaza.

Kila mtu alishukuru. Mimi neno hilo lilinisisimua mwili, sijui kwa nini.

Nyumbani. Saruji. Tik.

Ijumaa, 8 Mei

Nyayo tena, mbichi. Viatu tena. Kwa hiyo kuzika hakusaidii. Lakini leo ni siku ya nesi, na nina mpango bora kuliko yote. Nesi ametengewa muda wa miguu miwili ya Kelepi. Kelepi anao mmoja. Muda wa mguu mzima unapotea kila wiki! Nilimwahidi Kelepi kopo la nyama. Tukakaa kwake benchi moja, blanketi moja magotini, mguu wangu wa kulia ukachungulia pale ambapo wake ungekuwa.

Telesia akaosha wa kushoto. Akaufikia wa kulia.

"Mzee Kelepi," akasema, "huu ndio mliochimbua jana?"

Kelepi akacheka hadi blanketi likaanguka. Mimi nikajitetea kwamba nafasi ilikuwa wazi. Telesia hakunisikiliza. Aliinua unyayo wangu na uso wake ukabadilika. Akachomoa kitu kwa koleo, akakiweka kwenye sahani. Tik.

Msumari wangu.

Akauliza kama hakuna mtu nyumbani aliyeona damu siku zote hizo. Kalolaine, aliyenifuata akabaki nje ya dirisha, akajibu kwamba aliona tangu Jumatano. "Lakini ni kaka yangu! Mdomo wangu utautajaje mguu wake? Nikampangia viatu mlangoni kila asubuhi. Mwalimu mzima, nikadhani ataelewa."

Telesia ameosha, amefunga, amenipa dawa. Kasema ningekaa na msumari huo hadi Ijumaa nyingine, wangu ungefuata wa Kelepi. Ameniandika kwenye orodha yake. Amri: nisikanyagie mguu huo, nivae viatu hata ndani, mtu atazame nyayo zangu zote mbili kila asubuhi.

Kelepi kajitolea. Atazame zangu, nitazame wake. Bure! Yeye miwili, mimi mmoja. Nimekubali kabla hajapiga hesabu.

Jumapili, 10 Mei

Kelepi alikuja asubuhi kutazama. Nimemrudisha. Leo Sabato, na kutazama miguu ni kazi. Kuokota misumari iliyobaki sebuleni nayo ni kazi. Tutaanza kesho, au Jumanne.

Viatu vilikuwa kizingitini tena, vyote viwili. Nimevivuka vizuri kwa magongo. Kwa nini nivichakaze ndani?

Mchana, Kalolaine kanisani, nyumba tupu. Naenda jikoni.

Tik.

Nilisimama. Kisha nikasikiliza kwa makini, kama msomi. Safari hii inatokea kushoto. Mguu wa kushoto Kelepi bado anao! Nimeshusha pumzi. Basi si kitu.

Nimeketi kuandaa somo la kinamama na wazee wa kanisani, kwa herufi kubwa, maana watu hawa ni wagumu kujifunza: Leo, kabla hujavaa kiatu, geuza unyayo wako uutazame.