Kufunguliwa kwa Somo la Mawasiliano, Keumbu, 1994

Bwana D.O. wa tarafa hii, Chifu Angwenyi, Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo, Bi. Ramila mwenye duka aliyetuazima viti, wachungaji wote, wa Jumamosi na wa Jumapili, wanafunzi na wananchi watiifu, hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Kikohozi.)

Mimi, Naibu Msaidizi wa Mratibu wa Mawasiliano Vyuoni, nimekuja kuzindua bango hili na kufungua rasmi somo la kuandika na kuwasiliana, kitaalamu komyunikesheni skilzi, ambalo kwa juhudi zangu binafsi limefundishwa hapa tangu mwaka jana, na ambalo, kwa takwimu zilizoko ofisini kwangu, limefaulisha asilimia mia na nne ya wanafunzi. (Makofi, upande wa wageni.)

Tena si maneno yangu tu. Binti yule wa sweta ya kijani, simama. Jina? (“Nyanchera, wa ukarani.”) Waeleze wageni unavyofundishwa.

(“Mheshimiwa, mwalimu hajawahi kuja. Tulikalia mtihani bila kufundishwa, tukaanguka wote. Bi. Ramila alikuwa ameniahidi kazi dukani, lakini alitaka cheti, nami sikupata. Nafasi imechukuliwa.” Bi. Ramila anatikisa kichwa kukubali. Bwana D.O. anatazama viatu vyake.)

Wananchi, mmesikia? Ametaja shida, sababu na matokeo, kwa mpangilio, bila kigugumizi! Mtu asiyefundishwa angewezaje kueleza vizuri namna hii kwamba hakufundishwa? Apigiwe makofi. (Hakuna makofi.)

(“Sasa mheshimiwa, mwalimu atakuja lini?”)

Swali fupi, wazi, lenye adabu. Alama zote! Keti, binti yangu. (Haketi.)

Kuhusu hilo, ofisi yangu itaunda kamati ndogo ya kuishauri kamati kubwa kuhusu impulimentesheni, yaani utekelezaji, na matunda yataonekana kabla hamjayatarajia. (Mtu nyuma: “Tumengoja mwaka mzima!”) Asante kwa uvumilivu wako.

Mawasiliano juu! (Juu.) Kalamu juu zaidi! (Bwana D.O. peke yake: “Zaidi.”)

Nimalizie kwa kuwashukuru kwa kulidumisha somo hili bila mwalimu, bila darasa na bila kitabu. Dereva, ling'oe hilo bango tulilozindua, ulipakie polepole, kesho tunafungua somo hili hili kule Nyamarambe. Asanteni sana.

(Nyanchera amelifikia bango kabla ya dereva. Amelilaza chini, akalikalia.)

Binti yangu, nilisema keti. Sikusema hapo.