Tarehe 27 Isiyokwisha

Tarehe 27, siku ya baraza

Leo nimeisimamisha kalenda. Siandiki kwa majivuno. Ni kumbukumbu tu. Visima vya mji wetu wa Kerathi vimekauka, na majirani zetu Wafelo wameikalia chemchemi ya mpakani. Washirika wetu wa Argos wataleta wapiganaji mia mbili siku ya mwisho wa mwezi. Kikwazo: kesho yake unaingia mwezi wa Apolo, na anayeshika mkuki katika mwezi huo amelaaniwa. Siku moja haitoshi hata kupanga safu.

Nikasimama, nikauliza mwezi huingia kwa amri ya nani. Ya baraza. Basi baraza na liamuru kila siku iwe tarehe 27 hadi kazi iishe. Makofi! Miaka mitatu kwa walimu wa Athene haikupotea bure. Wameahidi kwamba chemchemi ikiwa yetu, nitakuwa mjumbe wa mji kule Argos.

Aliyepinga ni mmoja, Myrtoni muuza jibini, ambaye naye anautamani ujumbe huo. Mtu asiyeweza kutofautisha alfa na kwato ya mbuzi.

Tarehe 27, siku ya pili yake

Nimeusoma tena mkataba wetu na Argos, niliouandika kwa mkono wangu. Kazi safi. Wao walitaka waje kwa hesabu ya kalenda yao. Nilibishana kutwa nzima hadi ikaandikwa "kwa hesabu ya Kerathi". Mji mdogo nao una heshima yake.

Binti wa jirani, ambaye harusi yake ni tarehe 4 ya mwezi ujao, amenitazama kama anayetazama nge ndani ya kiatu.

Tarehe 27, ya nne

Waargos wamefika, wakasimama mpakani. Hawavuki. Nimekwenda mwenyewe. Jemadari wao, akila tini, aliuliza leo ni tarehe ngapi kwetu. Nikamwambia. Akasema kiapo ni kiapo: siku yetu ya mwisho wa mwezi ikifika, atavuka mbio.

Nilimweleza kwamba haitafika. Huo ndio ustadi wenyewe wa mpango.

Akanikaribisha tini.

Moyoni nimewastahi. Wangapi duniani hulishika neno kwa uaminifu wa namna hiyo? Myrtoni amewapelekea jibini. Kujipendekeza kusiko na haya.

Tarehe 27, ya tano

Jioni Mama aliniita uani, akanyoosha kidole magharibi.

"Mwanangu, mwezi umeandama."

Nikamjibu kwamba kisheria bado.

"Basi uambie ushuke. Labda haujasikia tangazo."

Wafelo wameuona pia. Wamekuja chemchemini bila silaha, na kondoo, na zumari, wakimwimbia Apolo. Vijana wetu wakaweka ngao chini, wakaenda kucheza ngoma. Waargos nao! Nilibaki peke yangu na mkuki, nikijiona kama kigingi.

Ndipo akanijia Lamisko, mpiga mbiu wa Wafelo, mzee wa fimbo ya mzeituni. Sijapata kuona adui mwenye adabu kama yake. Alisema, "Kijana, maji ni ya miungu. Siku za shufwa mteke ninyi, siku za witiri tuteke sisi. Na kila mji ufuate kalenda yake, tusije tukakuvunjia heshima." Kalenda yake! Kipengele changu mwenyewe, kinywani mwa adui! Niliandika mkataba palepale, tukamimina divai, tukaapa. Chemchemi nusu ni yetu. Ujumbe ni wangu.

Tarehe 27, ya sita

Wanawake walishuka na mitungi. Lamisko aliamka kwenye jiwe lake, akawapa salamu zote, akauliza leo kwetu ni tarehe ngapi. Ishirini na saba. Akahesabu vidoleni bila haraka.

"Witiri, mama zangu. Poleni. Jaribuni kesho."

Hadi walipofika nusu ya mlima walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba kesho pia ni 27. Mama alikuwa mbele yao, na mtungi mtupu. Sitaandika aliyoyasema.

Akili ya mzee yule! Hakurusha hata kokoto. Ningalikuwa Mfelo, ningalimjengea sanamu.

Tarehe 2, mwezi wa Apolo

Baraza limeifungua kalenda. Mji ulikuwa na kiu, na kwa hesabu ya mwezi wa angani leo ni tarehe 3, witiri. Nikashauri turukie tarehe 2. Wakakubali bila makofi. Tumeteka, maji matamu, baridi hadi kwenye meno. Ujumbe wa Argos amepewa Myrtoni, kwa sababu ya jibini.

Si neno. Nimekaa na mkataba tangu adhuhuri. Unasema siku za shufwa ni zetu, kwa kalenda yetu. Hausemi popote kwamba baada ya tarehe 2 lazima ije 3.

Kesho nitasimama barazani.