Megabiti Themanini na Nane Zilizopotea Nyalukemba

Nyalukemba, Bukavu, tarehe 14 Oktoba

Kwa Papa Chef wa Avenue yetu, mkubwa wa mtaa,

Papa Chef,

Ninakusalimu kwa heshima, wewe na maman wa nyumbani. Mimi ni Théodore Cirimwami, mwenye studio ya picha na filamu za ndoa pale juu ya ngazi. Si desturi yangu kuwasumbua wakubwa kwa barua. Lakini katika avenue yako vinapotea vitu themanini na nane kila sekunde, na inaonekana ni mimi peke yangu niliyegundua.

1. Mwezi wa nane, Hervé, fundi wa mitandao kutoka Nyangezi, alikuja kumposa binti yangu Carine. Nilimpokea vizuri. Alipoona Carine anashuka ngazi kila siku na diski mfukoni, kupeleka filamu kutoka studio hadi kwenye mashine ya kompyuta iliyoko nyumbani, alijitolea kuziunganisha mashine hizo mbili kwa waya. Jirani yetu Maman Françoise, anayeuza makaa, alikubali waya upite kwenye ukuta wake. Hervé alisema mbele ya watu sita: "Papa, hii waya iko ya megabiti cent kwa segonde." Mia nzima. Watu hao sita wapo na wanaweza kuitwa.

2. Siku ya kuujaribu nilituma filamu ya ndoa ya kule Walungu. Kioo cha mashine kikaandika kumi na mbili. Nikabadilisha miwani. Kumi na mbili. Hervé alinieleza kwa adabu kwamba waya hupimwa kwa biti, mashine huhesabu kwa okteti, na biti nane hufanya okteti moja; kwa hiyo mia uigawe kwa nane, utapata kumi na mbili na nusu, na hiyo nusu huliwa njiani. Papa Chef, mtu akikuahidi matofali mia, akakushushia kumi na mawili, utanyamaza akikuambia haya ni ya aina kubwa? Nilimuuliza zile themanini na nane ziko wapi. Alinijibu: "Haziko fasi yoyote, Papa. Njo zile zile." Yaani eti hakuna iliyopotea. Jibu la namna hiyo halipewi mtu ambaye bado hajakupa binti yake.

3. Nilifanya uchunguzi mwenyewe. Kwenye ukuta wa Maman Françoise waya umepinda mara mbili. Chini ya kila mpindo niliweka beseni tangu asubuhi hadi jioni. Hakuna kilichodondoka. Nikaelewa kwamba zinachukuliwa kabla ya kudondoka. Kuku wake hulala karibu na mpindo wa pili, na tangu waya upite hapo wamenenepa kuliko kuku wa mtu yeyote.

4. Jumapili, tulipotoka misa, nilimuomba Maman Françoise kwa upole azirudishe, hata nusu yake. Watu walisimama kusikiliza. Akaniambia: "Papa Théodore, mi nauzishaka makala ya kupikia. Biti yako sijaionaka." Kisha alikwenda kwake, akaukata waya kwa kisu cha jikoni, akaniletea vipande vimekunjwa vizuri. Sasa sipati hata zile kumi na mbili. Carine amerudi kwenye ngazi. Juzi, mvua ikinyesha, aliteleza, na goti lake limefungwa bandeji. Hervé hajaonekana tangu nimwambie kwamba mazungumzo ya ndoa yangoje hesabu ikamilike. Binti yangu ananijibu kwa Kifaransa tu, na ananiita "vous", kama mgeni.

Kwa hayo yote ninaomba kuku wa Maman Françoise wachunguzwe, bila kuumizwa. Ninaomba pia biti zipigwe marufuku katika avenue nzima, kila mtu ahesabu kwa okteti kama watu wazima. Na Hervé alete biti nane na okteti moja, aziweke juu ya meza yako tuzione kwa macho. Akishindwa, akiri mbele ya walewale sita.

Unisalimie wote wa ofisini, na wazee wa avenue, na Maman Françoise ukikutana naye, maana salamu zangu mimi hazipokei.

Ni mimi, raia wako mtiifu aliyepunjwa,

Théodore Cirimwami

P.S. Karani wako ameniandikia kwamba utanipokea Alhamisi "à quatorze heures". Mwambie nitafika saa nane. Asihangaike kuona namba hazifanani: kumi na nne ya ofisini na nane ya nyumbani ni wakati mmoja, na hakuna aliyeiba zile saa sita za katikati.

Nimeusoma tena mstari huo, mara tatu. Carine, anayenipigia barua hii, ametoa vidole kwenye mashine na ananitazama.

Basi, Papa Chef, Alhamisi nitakuja kwa jambo lingine. Nakuomba unisindikize kwa Maman Françoise nikamwombe radhi, maana peke yangu ninaogopa. Hervé nitampigia simu mwenyewe.