Anayepanda Kontena la Buluu

Jumatatu, 7 Julai

Joto digrii arobaini na sita. Nimekaa yadini kutwa nzima nikilinda kreni kumi na moja ambazo hata mwizi akizitaka hana pa kuzipeleka. Nyuma ya yadi kuna uzio. Nyuma ya uzio kuna kambi ya ndege za jeshi. Kwenye uzio kuna bango la kamera iliyopigwa mstari mwekundu, na namba ya simu chini yake. Basi. Kilichobaki ni mchanga na mimi, Jotham.

Lakini leo kuna habari! Afande Siraje, msimamizi wetu, Mganda mnene mwenye moyo laini, amepita kugawa maji. Kasema majirani wote wa kambi wamekumbushwa kwamba kupiga picha ndege za jeshi ni kosa kubwa, na mlinzi akimwona mtu anapiga, aripoti haraka. Halafu, akiwa tayari ameingia garini, akasema mlinzi wa ile zahanati ya Oud Metha anarudi kwao wiki ijayo. Atakayeleta ripoti ya maana ndiye atakayepewa nafasi yake.

Zahanati! Damaris anakaa mapokezi pale, na tunasali kanisa moja. Aliwahi kuniambia yule mlinzi huvaa sweta kwa baridi ya kiyoyozi. Sweta, mwezi wa saba, Dubai! Nimeliwaza sweta hilo mpaka zamu ikaisha.

Kikwazo ni kimoja: Swaibu, mwenzangu wa zamu ya usiku, Mganda kama Afande. Ana cheti cha mlinzi bora. Kakitundika ukutani juu ya kitanda chake, na kitanda chake kiko juu ya changu, kwa hiyo kila nikiamka nakutana nacho. Safari hii hanipati.

Jumanne, 8 Julai

Kampuni yetu ina sheria kwamba kila saa lazima mlinzi ajipige picha kwenye lindo na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, ili ijulikane hajalala. Afande Siraje amelalamika kwamba picha zangu zinaonyesha ukuta tu, nami naweza kuwa hata chooni. (Mara mbili nilikuwa chooni. Ndiko kwenye feni.)

Sawa. Nimepanda juu ya kontena la buluu. Lo! Yadi yote inaonekana nyuma yangu, na uzio, na anga. Saa nne kamili, nikiwa nimeshatabasamu, likapita dege kubwa la kijivu juu kidogo ya bega langu la kushoto. Picha ya kuweka sebuleni! Watu kumi na mmoja wamenipa dole gumba. Afande kaandika kwamba hivyo ndivyo picha ya kazi inavyotakiwa, wengine waige. Wataiga nini? Za Swaibu ni giza tupu na taa ya kofia.

Jumatano, 9 Julai

Nimemkamata!

Mwanamume, shati la mikono mirefu, kifaa cha miguu mitatu, jicho kwenye lenzi, uso umeelekea uzio. Nimemtambalia mchangani kwa tumbo, mita hamsini, kama nilivyoona kwenye sinema. Mchanga umenichoma mpaka kitovuni. Nimeruka, nimemkamata mkono, nimemwambia khalas, umekwisha, na nimetangaza kwenye redio ili kampuni nzima isikie.

Saa sita u nusu. Ni mpima barabara. Ana kibali chenye mihuri minne. Afande Siraje amekuja mbio na kumwomba radhi kwa Kiingereza, kisha kwa Kiarabu, kisha akampa juisi yake mwenyewe. Mimi akaniambia nitumie akili kabla ya tumbo.

Swaibu alipokuja kupokea zamu aliniuliza kwa upole kama nimepaka dawa. Nikamkabidhi redio nikaondoka.

Alhamisi, 10 Julai

Nimetumia akili. Mpiga picha atakuja lini? Ndege zinapokuja! Kwa hiyo anayetaka kumkamata lazima ajue ndege zinakuja saa ngapi. Ajabu kwamba hakuna aliyelifikiria hili kabla yangu. Nimeanza daftari. Kila ndege naandika saa, upande inakotoka na upande inakokwenda. Majina yake siyajui, kwa hiyo nimeyatunga. Lile dege la tumbo kubwa ni Mama Mjamzito. Zile mbili zenye ncha, zinazopita pamoja kwa kelele ya kupasua masikio, ni Mapacha. Helikopta ni Nyigu.

Ijumaa, 11 Julai

Siku yangu ya mapumziko. Nimekwenda sokoni Deira kununua darubini. Muuzaji kaniapia ni mpya kabisa. Jicho la kulia linaona mpaka nati za bawa. La kushoto linaona ukungu. Haidhuru, jicho moja linatosha kwa mtu makini.

Nikapitia na sweta pia. Rangi ya kijivu, lina zipu. Mkazi wa kitanda cha jirani kaniuliza kama nina homa.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeshika ratiba nzima! Mama Mjamzito hutua saa nne na saa tisa. Mapacha hutoka saa tano kasoro robo. Leo nimebashiri ndege tano na zote tano zimekuja. Sidhani hata mkuu wa kambi anazijua vizuri kuliko mimi.

Mpiga picha hajaja. Nimekaa juu ya kontena na darubini tangu asubuhi, nimezunguka pande zote, sijaona mtu yeyote isipokuwa mimi. Picha za kila saa nimetuma bila kukosa. Ya Mapacha imetoka safi mno. Mmoja kwenye kila sikio.

Jumapili, 13 Julai

Nyoka huyu Swaibu!

Kaandika ripoti. Ukurasa mzima, kwa mwandiko wa kunyoosha. Eti tangu Jumanne, karibu kila akiingia zamu, hukuta nyayo mpya kwenye mchanga kando ya kontena la buluu. Buti namba arobaini na nne. Kuna mtu, anasema, anayepanda pale karibu kila siku na kutazama kambi. Afande Siraje ameisoma mara mbili na kusema hii ndiyo kazi.

Nimekwenda kuzikagua. Kweli zipo. Kweli pia kwamba baadhi ni zangu, lakini zangu ni za kikazi, hazihesabiki. Swali ni hizo nyingine ni za nani. Nimepiga magoti nikapima kwa kiganja. Mguu kama wangu, kwa hiyo ni mtu mrefu, mkakamavu. Soli ni ile ile ya buti za kampuni. Na nani mwingine ana buti za kampuni? Nani yuko hapa usiku kucha peke yake? Nani kawahi kuandika ripoti ili asishukiwe?

Swaibu mwenyewe! Nalala chini ya jasusi!

Sikumwambia Afande, maana Waganda hawa watateteana. Nimepiga simu moja kwa moja kwenye namba iliyo kwenye bango la uzio. Nimeeleza kila kitu: ni mlinzi, amevaa buti nyeusi namba arobaini na nne, hupanda kontena la buluu, ana darubini bila shaka. Niliongeza hilo la darubini kwa sababu jasusi asiye na darubini ni wa aina gani? Mpokeaji simu akanishukuru mara tatu. Mchimba shimo huingia mwenyewe, na nitafurahi sana kumwona Swaibu akiingia.

Jumatano, 16 Julai

Sasa ndiyo nimepata nguvu ya kuandika.

Polisi walikuja Jumatatu saa tano kasoro dakika ishirini. Gari mbili nyeupe. Nilikuwa juu ya kontena, darubini shingoni, simu mkononi tayari kwa picha ya saa. Nilifurahi jamani! Niliwapungia mkono. Kisha nikawaashiria wainame, maana Mapacha walikuwa karibu kutoka na sikutaka jasusi ashtuke. Hawakuinama. Wakaniambia niteremke, yalla, haya, taratibu, mikono ionekane. Mapacha wakapita juu yetu kwa wakati wao barabara. Nikawaambia maofisa, kwa fahari, kwamba hata sekunde hawajachelewa. Hilo nadhani halikunisaidia.

Ofisa aliyenihoji anaitwa Saif. Mtu mpole, anaongea chinichini. Kiyoyozi cha chumba chake ni kizuri mno. Saa ya kwanza nilikuwa nashukuru tu. Kisha akafungua simu yangu. Picha arobaini na tatu! Akaziangalia moja moja. Kila moja ni mimi, na kila nyuma yangu kuna bawa, au mkia, au Nyigu mzima. Akaniuliza nilikuwa nawatumia akina nani. Nikasema watu hamsini na sita. Nilimaanisha kundi la kazi. Akaweka kalamu chini.

Halafu daftari. Akataka kujua Mama Mjamzito ni nani, na Mapacha ni watoto wa nani. Mkalimani, mzee wa Kizanzibari mwenye kofia safi, akanitazama akasema, "Mwanangu, useme kweli, hapa si pahala pa mzaha." Nikasema kweli. Ilichukua saa tatu. Nililia kidogo, sitaficha. Nilimwona mama yangu kule Bungoma akiambiwa mwanawe amefungwa kwa ujasusi, yeye aliyeuza ng'ombe nije kulinda kreni. Niliogopa, naandika wazi, niliogopa sana.

Mwisho Saif akawasha rekodi ya ile simu niliyopiga Jumapili. Sauti yangu, ikimweleza mwenye buti namba arobaini na nne. Akatazama buti zangu. Mkalimani akajifunika uso kwa kofia yake, mabega yakimcheza. Saif alitoka nje kwa muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na akasema katika miaka kumi na minane hajawahi kumpata mtu aliyejishtaki kwa bidii namna hii.

Picha zimefutwa zote, na kundi zima la WhatsApp pia. Daftari na darubini wamebaki nazo. Wameniachia jana jioni, mpaka faili lifungwe, kwa dhamana. Na dhamana ni pasipoti ya Afande Siraje. Kaiweka mezani mwenyewe, bila kuulizwa mara mbili. Alikuwa asafiri Jumamosi kwenda kwao Masaka, bintiye anaposwa. Sasa haendi. Garini hakunigombeza. Aliniambia tu, "Jotham ssebo, bwana wangu, nakuomba. Usimwangalie mtu. Usiandike kitu. Usipige picha. Ukikosea tena, mimi ndiye nitakayebaki hapa."

Niliapa. Kwa jina la mama.

Ijumaa, 18 Julai

Mambo ya Mungu! Polisi wameelekeza niwekwe mahali ambapo ndege hazionekani kabisa. Ndani ya jengo, pasipo dirisha la kutazama angani. Kampuni ina mahali pamoja tu pa namna hiyo penye nafasi.

Zahanati ya Oud Metha!

Swaibu kasikia. Kakishusha cheti chake ukutani, kakitazama, kakirudisha. Yeye bado yuko yadini na sasa kapewa zamu ya mchana. Nimemwambia kule juu ya kontena kuna upepo kidogo. Kanitazama vibaya. Watu wengine hawana shukrani.

Jumatatu, 21 Julai

Baridi tamu! Sweta zipu mpaka kidevuni. Kiti kina mgongo. Damaris kaniletea chai na kuniomba nisiguse kitu.

Alhamisi, 24 Julai

Nimeshajua kazi ya zahanati. Nusu ya hawa watu si wagonjwa! Wanaingia wakichechemea, wanapewa karatasi ya mapumziko, wanatoka wakiruka ngazi. Kampuni zao hazijui. Nani ataziambia? Nimeanza kuandika majina yao na ugonjwa wanaodai, nyuma ya fomu za mapokezi. Hii si ndege, kwa hiyo kiapo hakihusiki.

Leo saa nne, nani kaingia? Afande Siraje! Kashika kifua. Damaris kaninong'oneza kwamba ni presha, imepanda kutokana na mawazo, pasipoti bado haijarudi. Daktari kampa siku tatu za kupumzika na kumwambia akae mbali na kinachomuudhi. Alinipita akanishika bega, akaniuliza kama nakula vizuri. Nikamwambia ndiyo, Afande.

Dakika kumi baadaye, nani yuko kwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara? Yeye, anakula chapati na maharage, na anacheka na mhudumu! Mgonjwa wa presha gani huyo anayecheka? Nimetoka mpaka mlangoni, nikampiga picha kupitia kioo, imetoka safi, na nimeituma kwa bosi mkubwa wa kampuni pamoja na majina yote. Kumi na tisa, Siraje wa kwanza. Kwa kosa kama hili hawezi kuendelea kuwa msimamizi, na sijui nani mwingine katika kampuni hii anaijua kazi hiyo kama mimi.